Simu Isiwe Hakimu wa Kelele

Siku hizi mtu akitaka kushinda ugomvi habishani tena, anatoa simu. Hapa kwetu Kikoneni ugomvi mmoja ambao simu imeingizwa ni ule wa kelele. Kuna programu za bure za kupima sauti. Unaifungua, mshale unacheza, namba inatokea, basi! Mwenye namba kubwa anajiona ameshinda kesi. Mimi naona jambo hili litakuja kutuumiza.

Mwaka huu kijijini kwetu mwenye mashine ya kusaga unga, ile ya dizeli, alishtakiwa kwa mzee wa kijiji. Jirani mmoja alionyesha simu yake imeandika desibeli 91 na kutaka mashine ifungwe. Mwenye mashine akamwita kijana wake, naye akapima kwa simu yake, mahali pale pale, dakika ile ile. Ikaandika 80. Wazee wakatazamana. Mmoja akauliza, "Sasa hapa muongo ni nani?"

Swali zuri sana hilo. Tofauti ya 11 si kitu kidogo, maana desibeli hazihesabiwi kama shilingi. Kila zikipanda 10, nguvu ya sauti imekuwa mara 10. Kwa hiyo simu ya kwanza ilikuwa ikidai kelele ni zaidi ya mara kumi ya ile iliyosikiwa na simu ya pili, na mashine ni hiyo hiyo moja!

Muongo hakuwa mtu. Programu yenyewe haina sikio. Sikio ni maikrofoni ya simu, nayo iliundwa ili isikie mtu anayeongea karibu, si injini. Kila kampuni hutia maikrofoni yake. Ongeza kava, ongeza vumbi la barabara zetu lililojaa kwenye kile kitundu, sauti inapungua. Upepo wa kusi nao ukipuliza juu yake, namba inapaa hata kama hakuna anayepiga kelele. Mwaka 2014 wataalamu wa NIOSH, taasisi ya Marekani inayochunguza afya ya wafanyakazi, walizipitia programu 192 za namna hii. Zilizofaa hata kuingizwa katika majaribio yao zilikuwa 14 tu, 10 za iPhone na 4 za Android. Mwaka 2017 wakatoa programu yao wenyewe, nayo ni ya iPhone peke yake, kwa kuwa simu za Android ni za aina nyingi mno. Haya, tujiulize, Kikoneni iPhone ziko ngapi? Sisi ni watu wa Tecno na Itel.

Mlio wa ghafla ndio balaa zaidi. Ng'ambo kuna watu wenye bunduki za hewa, zile zinazosukuma kirisasi kwa upepo ulioshindiliwa, ambao hupima milio ya bunduki zao kwa simu na kubishana ya nani ni kimya zaidi. Wanajisumbua bure. Mlio kama huo hauchukui hata sehemu ya mia ya sekunde, na simu inatoa wastani wa muda mrefu kuliko huo. Tena sauti ikizidi, maikrofoni hufika ukomo wake ikaukata mlio kichwa. Namba inayobaki ni ndogo kuliko ukweli. Kwetu mfano wake ni pikipiki za bodaboda zinazopigishwa ekzosi mpaka zinalia kama risasi, watoto wanashtuka. Simu ikikuandikia 95 usidhani masikio yako yako salama. NIOSH wanasema milio ya aina hiyo isipite 140, na simu nyingi za mkononi hazina uwezo wa kufika huko kamwe.

Halafu kuna sheria. Kanuni za kelele za mwaka 2009, zinazosimamiwa na NEMA, zinasema nje ya nyumba za watu kelele isizidi desibeli 50 mchana na 35 usiku, na usiku unaanza saa mbili. Watu wameshika hiyo 50 tu. Lakini namba hiyo ni wastani wa saa 14 za mchana, si ya dakika moja ambayo mashine inatafuna mahindi. Tukienda kwa mtindo wa kunyoosha simu, hata jogoo atafikishwa mahakamani.

Kuna watakaoniuliza, je, mnyonge afanye nini? Kipima sauti cha kweli ni ghali, na maafisa wako mbali. Hoja hii ni nzito wala siipuuzi, maana mimi mwenyewe nakaa karibu na mashine hiyo na hesabu za jioni nazifanya huku naisikia kifuani. Lakini ikifungwa kwa ushahidi wa simu, mama zetu ndio watakaojitwisha mahindi kwenda kusaga mbali.

Simu ina kazi moja inayoiweza: kulinganisha. Mimi na kijana wa mwenye mashine tulizitoa simu zetu kava (yangu ni ya kaka), tukasimama pale pale pa kesi, tukapima bomba la moshi likiwa limeelekea nyumba, kisha likiwa limegeuzwa upande wa shamba. Yake ilishuka kutoka 80 hadi 73. Ile ya kaka, iliyosoma 91 kama ya jirani, ikashuka hadi 83. Namba zenyewe siwezi kuziapia. Lakini zote mbili zilikubaliana kwamba kugeuza bomba kunasaidia, na hilo halikugharimu ila kipande cha bomba na fundi wa nusu siku.

Mengine ni kazi ya kaunti. Katiba ya 2010 imezipa kaunti kazi ya kudhibiti kelele, basi Kwale na ilete afisa mwenye kipima sauti kilichokaguliwa, akae kutwa nzima, apime kama kanuni zinavyotaka.

Bomba sasa limeelekea shambani moja kwa moja. Bado naisikia mashine, hasa baada ya magharibi, na juu ya saa ya kuizima wazee hawajapatana.