Vipuri vya mafundi wadogo viwe na kipimo kimoja

WAWINDAJI wengi wa Marekani hujaza risasi zao wenyewe nyumbani. Mwindaji huokota ganda la shaba alilokwisha kulipiga, hulirudisha kwenye umbo lake kwa mashine ndogo ya mkono, huweka fataki mpya, hupima baruti kwenye mizani, kisha hukandamiza kichwa kipya cha risasi mdomoni mwa ganda. Ganda moja hutumika mara kadhaa kabla ya kutupwa.

Sababu ni mbili. Ya kwanza ni gharama, kwa kuwa ganda ni sehemu ghali ya risasi. Ya pili ni shabaha. Baruti ikizidi katika risasi moja na kupungua katika nyingine, mwendo wake hutofautiana, na risasi zilizolengwa mahali pamoja hutua juu na chini. Ikizidi sana, bunduki yenyewe inaweza kupasuka usoni mwa mwenyewe. Ndiyo maana mwindaji makini huandika kila kiasi daftarini.

Darubini ya kulengea nayo ina hesabu yake. Mgeni wa kazi hii hutafuta ile inayokuza zaidi, lakini mzoefu huanza na pete zinazoifunga kwenye bunduki. Darubini nyingi hurekebishwa kwa mibofyo, na mbofyo mmoja husogeza mahali pa kulenga kwa takriban milimita 7 katika umbali wa mita 100. Pete zikilegea, marekebisho hayo madogo hayana maana tena.

Nchini Tanzania kutengeneza risasi bila kibali ni kosa, na hakuna mkulima anayeshauriwa kujaribu. Kinachostahili kutazamwa ni biashara iliyo nyuma ya kazi hiyo, kwa sababu ndani yake limo jibu la tatizo linalowasumbua wakulima kila msimu wa mavuno.

Mwaka 1943, wakati wa vita, risasi za kiraia zilikuwa adimu Marekani. Katika mji wa Oroville, California, Fred Huntington alianza kutengeneza vifaa vya kuundia vichwa vya risasi katika chumba cha nyuma cha duka la dobi la baba yake. Wateja wake walikuwa wawindaji wa mnyama mdogo wa mawe, mwenye umbo kama la pimbi, anayekula malisho ya wakulima. Kutoka chumba hicho ilikua kampuni ya RCBS. Mwaka 1949, Joyce Hornady naye alianza kutengeneza vichwa vya risasi huko Grand Island, Nebraska.

Karakana hizi zingeweza kufa mapema kama kila moja ingefuata kipimo chake. Lakini tangu mwaka 1926, kwa ombi la serikali ya Marekani, watengenezaji wa bunduki na risasi walikuwa na chama chao, SAAMI, kinachopanga vipimo na kuvitangaza. Watengenezaji waliendelea kushindana kwa bei na ubora, lakini walikubaliana juu ya milimita. Hata mashine za kujazia, karibu zote sasa zina tundu la unene mmoja na meno ya skrubu ya aina moja. Mirija ya darubini nayo kwa kawaida ni ya inchi 1 au milimita 30. Hivyo mwindaji hununua mashine kwa huyu, ganda kwa yule na pete kwa mwingine, na kila kitu kinakaa mahali pake.

Mkulima wa mahindi hana bahati hiyo. Mashine ya kupukuchua au ya kusaga ikivunjika nyundo katikati ya msimu, mara nyingi ni lazima amtafute fundi yule yule aliyeitengeneza. Tundu la nyundo lilitobolewa kwa kipimo cha karakana hiyo, na chekeche lilikatwa kwa umbo lake. Fundi akiwa safarini, au akiwa amefunga kazi, mashine inalala. Mahindi yanangoja uani huku mvua na fukusi vikiyanyemelea, na mnunuzi anahamia kwa jirani.

Wapo mafundi wanaoona huo ni mtaji: mteja aliyefungwa na nyundo zao atarudi tu. Hesabu hiyo ni fupi. Mteja aliyepoteza wiki moja ya mavuno, safari ijayo atanunua mashine ya nje ya nchi yenye vipuri dukani, na fundi atakuwa amepoteza mashine kwa kung'ang'ania nyundo.

Ushahidi uko kwenye mashine hizo hizo. Beringi namba 6205 ina tundu la milimita 25 na upana wa nje wa milimita 52 popote inapouzwa. Ikinunuliwa Mwanza itaingia kwenye mashine iliyoundwa Mbeya. Hakuna fundi aliyefilisika kwa sababu beringi zinafanana. Kinyume chake, muuza vipuri mdogo anathubutu kuziweka dukani kwa kuwa anajua zitapata mnunuzi.

SIDO, iliyoanzishwa mwaka 1973, inawafahamu mafundi hawa. TBS, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1975, ina kazi ya kupanga viwango. Zikae pamoja na mafundi wenyewe na kuanza na vitu vichache: tundu na urefu wa nyundo, upana wa chekeche, unene wa shafti, na bolti za kufungia. Orodha ya ukurasa mmoja, iliyobandikwa katika kila karakana, inatosha kwa kuanzia.

Mkulima naye asisubiri karatasi hiyo. Kabla ya kulipia mashine, amuulize fundi nyundo zake zinaingia mashine ya nani mwingine, na jibu liwe sehemu ya bei. Kidole kimoja hakivunji chawa, na karakana moja haiwezi peke yake kulinda mavuno ya wilaya nzima.