Ordinatere ya zamani: hesabu gharama kwanza



Vijana wameniuliza: "Pasta, ordinatere yetu ya zamani inaenda polepole. Tuitupe?" Hapana, msiitupe. Lakini sikieni kwanza kosa langu.

Tulikuwa na ordinatere moja mu biro ya kanisa, ile tuliandika ndani yake majina ya wabatizwa. Kijana mmoja wa korali aliiongezea memwari, ikaenda vizuri. Kisha akaniambia: "Pasta, BIOS yake ni ya zamani, lakini tungojee kwanza onduleri, mvua iko karibu." Mimi nikajibu: "Fanya tu, ni dakika kidogo." Umeme ukakatika katikati. Mashini haikuwaka tena. Mbele ya wazee nilinyamaza, na lawama ikamwangukia kijana. Siku za Mungu tatu hakukuja kuimba.

Sasa elewa tofauti ya kazi hizi mbili. Memwari ni sawa meza ya kufanyia kazi. Meza ikiwa ndogo, kila mara unasimama kwenda kutafuta vitu mu kabati. Ndiyo sababu mashini inachelewa. Kuiongeza si hatari kubwa. Zima, ng'oa waya ya umeme, gusa chuma cha sanduku ili umeme wa mwilini utoke. Kisha angalia alama: DDR2, DDR3 na DDR4 haziingiliani, kila moja iko na mkato mahali pake. Ikikataa kuingia, usilazimishe. Tena, Windows ya bit 32 kwa kawaida haitumii zaidi ya GB 4. Ukiinunulia 8, umetupa feza.

BIOS ni kazi ingine. Ni programu ndogo iliyo ndani ya karti kubwa ya mashini. Ndiyo inaiamsha mbele Windows haijaanza. Kuibadilisha ni kufuta ya zamani na kuandika mpya palepale. Umeme ukikatika katikati, mashini nyingi za zamani hazina ya akiba, hazijui tena kuamka. Kwa hiyo, kama inatumika vizuri, uiache. Kama kuna sababu, kwa mfano inakataa memwari mpya, chukua fayili ya modeli ileile kabisa kwa mtengenezaji wake, na usianze bila onduleri yenye betri nzima. Kama ni saa na tarehe tu zinapotea, usiguse BIOS. Mara nyingi ni ile betri ndogo ya mviringo, CR2032, imekwisha.

Majina ya wabatizwa hayakupotea. Tulitoa diski, tukaiweka mu mashini ingine, yote yalikuwamo. Lakini kumrudisha kijana hakukuwa kazi ya vyuma. Siku ya Mungu ya nne nilimwendea kwao, kisha nikasimama mbele ya kanisa, nikasema: "Yeye alisema tungojee. Mimi ndiye nilimharakisha." Leo yuko anaimba.

Ninyi wa mu mine mnajua: mtu haingii shimoni mbele ya kuangalia mawe ya juu. Basi mzazi, mtoto anayejua kazi akikuambia "tungojee", umsikilize. Na ukikosa, useme mbele ya wale walisikia lawama.

Someni pamoja pa nyumba: Luka 14:28-30 na Mezali 19:2.