Mnyang'anye Simu, Bado Yumo Mtandaoni

Kila inapovuma habari ya mtoto aliyedhalilishwa kupitia intaneti, dawa inayotajwa ni ileile: mnyang'anyeni simu. Wazazi huambiana hivyo kwenye vikao vya shule, walimu huitikia, mambo yakaishia hapo. Ushauri huo ni mbaya. Unamwadhibu mtoto na kumwacha mkosaji akitamba.

Septemba 2023, Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data nchini Kenya iliitoza Roma School ya Uthiru, Nairobi, faini ya shilingi 4,550,000 kwa kuweka mtandaoni picha za wanafunzi bila ridhaa ya wazazi. Kwa picha hizo kufika huko, hakuna mtoto aliyehitaji kumiliki simu. Waliozirusha ni watu wazima, tena wale waliokabidhiwa malezi yao.

Litazame tangazo la kawaida la shule matokeo yakitoka. Mtoto ameshika cheti, nembo ya shule iko kifuani, chini pameandikwa majina yake, darasa na alama alizopata. Mwenye nia mbaya keshajua amwite nani, amvizie lango gani na aanze kumsifu kwa lipi. Mzazi naye, kwa furaha ambayo hakuna wa kumlaumu kwayo, anaisambaza kwenye makundi ya WhatsApp.

Picha hizo hazikai zilipowekwa. Juni 2024 shirika la Human Rights Watch lilieleza kuwa picha 170 za watoto wa Brazil zilikutwa kwenye hazina ya data inayotumika kufunzia programu za akili bandia. Baadhi ni za watoto ndiyo kwanza wanazaliwa, wamo mikononi mwa madaktari.

Halafu kuna huyo "mtu asiyejulikana" ambaye wazazi wanamwogopa kuliko wote. Utafiti wa ECPAT, INTERPOL na UNICEF nchini Tanzania ulikuta kwamba asilimia 4 ya watoto wa miaka 12 hadi 17 wanaotumia intaneti walifanyiwa ukatili wa kingono unaohusisha mtandao ndani ya mwaka mmoja. Wengi wa watendaji walikuwa watu ambao watoto hao wanawafahamu. Walioripoti rasmi ni wachache mno.

Wataripotije? Mtoto anayejua kwamba akifungua mdomo atagombezwa na kupokonywa simu, atanyamaza. Anayemtisha kwa picha za utupu anautegemea ukimya huohuo.

Ndiyo maana kazi ya asasi za kutetea watoto inastahili kuungwa mkono kuliko mahubiri ya kunyang'anya. Namba 116, inayoendeshwa na C-Sema Tanzania na Childline Kenya upande wa pili wa mpaka, inampa mtoto mtu wa kumsikiliza bila malipo. Kamati za wazazi nazo zina meno: ziibandike namba hiyo kila darasa, na zidai shule isichapishe sura ya mtoto yeyote kabla mzazi hajatia saini fomu inayotaja picha ipi, itawekwa wapi, na itaondolewa lini.