Kipimamchapuko: Jina Lisilolingana na Kazi

Wapo waundaji istilahi wanaoamini kwamba kazi yao hukamilika pindi neno la Kiingereza linapopata kisawe. Kipimamchapuko kinawasuta.

Mwaka 1979, katika Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, Lynn Roylance na James Angell walieleza kifaa hicho kilichochongwa katika silikoni: ulimi mwembamba wenye kijitungamo nchani. Chombo kikisukumwa, kijitungamo husita, ulimi hupinda, na kupinda huko ndiko kunakopimwa.

Hebu kifaa kiwekwe mezani. Hakiendi popote, ilhali kitaonyesha takriban mita 9.8 kwa sekunde mraba. Kikiachwa kianguke, mchapuko, yaani badiliko la kasi, upo. Nacho kitasoma karibu na sufuri! Waama, kinachohisiwa ni msukumo wa kile kinachokishikilia.

Mbunifu asiyelitambua hilo hupotoka. Katika mfuko wa hewa wa gari kosa dogo halidhuru, maadamu kinachongojewa ni kishindo kikubwa. Angani mambo ni mengine. Kosa la sehemu moja kwa elfu ya mvutano wa dunia, lisiposahihishwa, hupotosha mahali pa chombo kwa mita 18 hivi baada ya dakika moja, na zaidi ya mita 1,700 baada ya dakika 10.

Kiswahili hakilazimiki kurithi kasoro ya Kiingereza. "Kihisimsukumo" kingefaa zaidi. Watakaohofia kwamba kitachanganywa na msukumo wa injini wana hoja, ila wailete maabarani, kifaa kikiwa mkononi.