Maharagwe ya Bungoma katika Chungu cha Pwani





Juma hili tumeandika kwa sababu ya swali la mama mmoja ambaye hupika mbaazi na maharagwe ya nazi ya kuuza pamoja na mahamri, kila siku baada ya swala ya alfajiri. Alitueleza kwamba kila mwaka, ukishapita mwezi wa Machi, bei ya maharagwe katika soko la Kongowea hupanda, naye hana budi kupunguza kiasi anachowatilia wateja wake. Wengi wao ni watoto waliotumwa na bakuli, na kilichomo katika bakuli hilo ndicho kitoweo cha nyumba nzima hadi jioni. Kisha akatuuliza: "Hizi fedha ninazoongeza mimi, je, anazipata huyo aliyelima?"

Jawabu ni kwamba mara nyingi hazimfikii. Na kwa kuwa swali hili linagusa chungu cha kila nyumba ya Pwani, tumeona tulieleze kwa utaratibu.

Maharagwe tunayoyala hapa hutoka sehemu nyingi. Mengine huvuka mpaka kutoka Tanzania na Uganda. Lakini tutazame pande mbili za nchi yetu wenyewe, Kitale na Bungoma. Kitale ni makao makuu ya Kaunti ya Trans Nzoia, inayojulikana kuwa ghala la nafaka la Kenya. Huko ndiko iliko Kampuni ya Mbegu ya Kenya, iliyoasisiwa mwaka 1956. Kusini-magharibi mwa Kitale, chini ya Mlima Elgon, iko Bungoma, ambako wakulima wengi wana ekari moja au mbili tu, na hupanda mahindi na maharagwe pamoja katika shamba lilelile. Maharagwe huurutubisha udongo, nayo hukomaa kwa muda wa miezi 3 hivi. Mahindi ya nyanda za juu za Kitale huchukua miezi 6 hadi 8.

Mtu anaweza kudhani kwamba mkulima wa ghala la nafaka hajui njaa. Ukweli ni mwingine. Mahindi huvunwa kuanzia Oktoba hadi Desemba, wakati ambapo kila jirani anavuna, na bei huwa chini kabisa. Januari karo za shule zadaiwa. Machi mvua zinakuja, na mbegu na mbolea zahitajiwa. Mkulima mdogo huuza mapema ili ayatimize hayo, na ifikapo Mei au Juni, mahindi yangali mabichi shambani, ghala lake limebaki tupu. Hapo naye huingia sokoni kununua unga kwa gorogoro, kwa bei ileile inayomliza mama yetu wa mahamri. Wote wawili, aliyelima na aliyepika, huumia katika miezi ileile ya mwaka.

Katika miezi hiyo ya dhiki ndipo anapotokea mtu mwenye fedha taslimu. Humwambia mkulima: "Niuzie shamba lako hivi lilivyo, likiwa bado bichi." Mkulima ambaye mwanawe amerudishwa nyumbani kwa ajili ya karo hana nguvu ya kupatana bei. Huuza kwa thamani ndogo, na mavuno yakija si yake tena.

Dini yetu ilikwisha kuyasemea mambo haya. Bwana Mtume alikataza kuuzwa kwa matunda kabla ya kudhihiri kukomaa kwake. Tena alikataza watu wa mjini kutoka kwenda kuwapokea njiani wenye misafara ya bidhaa kabla hawajafika sokoni, kwa sababu mwenye bidhaa asiyejua bei ya mji ni rahisi kupunjwa. Alikataza pia kuhodhi chakula kwa kungojea watu wataabike ili bei ipande. Dalali anayesafirisha mizigo kwa bei ya haki anafanya kazi ya halali, naye ana gharama zake za lori na magunia. Lawama ni kwa yule anayeitumia shida ya mwenziwe na kutojua kwake.

Pamoja na makatazo hayo, tumeonyeshwa mlango ulio wazi. Bwana Mtume alipohamia Madina aliwakuta watu wakilipia matunda mwaka mmoja au miwili kabla ya kuyapokea. Hakuwazuia. Aliwaelekeza kwamba anayefanya hivyo na afanye kwa kipimo kinachojulikana, uzani unaojulikana na muda unaojulikana. Biashara hii mafakihi huiita salam, nayo isichanganywe na salamu za maamkizi. Ibn Abbas, radhi za Allah ziwe juu yake, aliihusisha na ile aya ndefu kuliko zote, iliyomo katika Suratul Baqara, inayoamrisha deni la muda liandikwe na lishuhudiwe.

Sasa tuilete salam katika nyumba zetu. Tuseme akina mama 20 wa chama kimoja wamekubaliana kila mmoja anataka kilo 45 za maharagwe kwa mwaka. Nyumba inayopika nusu kilo mara tatu kwa juma, kiasi hicho huitosha majuma 30. Kwa pamoja wanahitaji kilo 900, yaani magunia 10 ya kilo 90. Mwezi wa Machi chama kinafunga mkataba na kikundi cha wakulima wa Bungoma au Kitale, kinalipa fedha zote, na maharagwe yanapokewa mwezi wa Agosti. Mkulima anapata fedha za mbegu na mbolea wakati anapozihitaji, bila riba na bila kuuza shamba bichi. Mama wa Pwani anapata chakula kwa bei aliyoijua tangu mwanzo. Bei yenyewe ipatanwe iwe juu ya ile anayopewa mkulima siku za mavuno, na chini ya ile ya Kongowea wakati wa uhaba. Katikati ya bei hizo mbili pana nafasi ya kutosha kulipa lori na kuwaachia watu wa pande zote mbili faida.

Masharti yake, kama yanavyoelezwa na wanazuoni wa madhehebu ya Imam Shafi, yanahitaji uangalifu.

Kwanza, fedha hulipwa zote katika kikao cha kufunga mkataba. Wakiahidi kulipa nusu sasa na nusu baadaye, hiyo si salam.

Pili, bidhaa ielezwe waziwazi: aina, kama ni nyayo au rosekoko, ukavu wake, usafi wake, na idadi ya kilo.

Tatu, tarehe na mahali pa kukabidhiana vitajwe. Kutoka Bungoma hadi Mombasa ni safari ya zaidi ya kilomita 800, na ni lazima ijulikane nani anayelipia lori.

Nne, mkataba usifungwe juu ya shamba fulani la mtu fulani. Mkulima anadaiwa maharagwe ya sifa zilizotajwa, popote atakapoyapata. Hapa ndipo salam inapotofautiana na kununua shamba bichi.

Tano, chama kisiyauze maharagwe kabla ya kuyapokea.

Na mvua zikikosekana? Swali hili ni la haki, kwani sote twakumbuka ukame uliowapata ndugu zetu wa Kilifi, Kwale na Tana River tangu mwishoni mwa mwaka 2020, mvua zilipokosekana misimu mitano mfululizo. Bidhaa isipopatikana kabisa wakati ulioahidiwa, mnunuzi ana hiari: angoje hadi ipatikane, au avunje mkataba na kurudishiwa fedha zilezile alizolipa, bila nyongeza yoyote. Kwa hiyo chama kisiweke humo fedha ambazo hakiwezi kuzingojea. Mwaka wa kwanza kianze na magunia mawili au matatu. Na kabla ya kutia saini, tunawasihi mwende kwa sheikh wa msikiti wenu awasomee mkataba, maana safu hii inaeleza tu, haitoi fatwa.

Mtauliza: tutawapataje wakulima waaminifu, na sisi tuko mbali? Njia ya kutoka Pwani hadi magharibi ni kongwe. Misafara ya wafanyabiashara wa Kiswahili ilifika Mumias, jirani ya Bungoma, katika karne ya 19, na Uislamu ukaota mizizi huko hadi leo. Kuna misikiti Bungoma na kuna misikiti Kitale, nayo ina kamati na akina mama wake. Hao wanaweza kuwa mashahidi na wapatanishi wetu. Wakulima wengi wa huko si Waislamu, na hilo halituzuii. Bwana Mtume mwenyewe alinunua chakula kwa Myahudi kwa malipo ya baadaye, akaweka rehani deraya yake ya chuma. Wakulima hao pia wamezoea kufanya kazi kwa vikundi. Shirika la One Acre Fund, linalowapa wakulima wadogo mbegu na mbolea kwa mkopo, lilianzia Bungoma mwaka 2006. Karibu na Kitale kipo kituo cha kilimo cha Manor House, kinachofundisha tangu mwaka 1984 namna ya kupata mavuno mengi katika kipande kidogo cha ardhi. Na sheria ya mwaka 2019 ya stakabadhi za ghala inamruhusu mkulima kuhifadhi mazao yake katika ghala lililoidhinishwa, akapewa hati, akauza bei ikipanda. Mwenye magunia matatu peke yake ni vigumu kufaidika nayo, ila kikundi kikikusanya mazao pamoja kinaweza.

Liko jambo moja tunalotaka liandikwe katika kila mkataba wa namna hii, hata kama mafakihi hawakulifanya sharti. Kikundi kiahidi kile tu kinachozidi chakula cha nyumba zao. Maharagwe ya Julai ndiyo yanayowavusha watoto wa Bungoma hadi mahindi yakomae. Tukiyachukua yote kwa kuwa tumelipa mapema, tutakuwa tumeyafanya yaleyale tunayowalaumu wengine kwayo. Muulizeni mkulima: "Mwajiwekea kiasi gani?" kabla ya kumuuliza: "Mtatuuzia kiasi gani?"

Shehena ikishafika, kazi ni yetu. Maharagwe yasiyokauka vizuri huota ukungu, na wadudu huyala hata yaliyo makavu. Nafaka ni hatari zaidi. Mwaka 2004 watu 125 walifariki katika sehemu za mashariki mwa Kenya, hasa Makueni na Kitui, kwa kula mahindi yenye sumu ya ukungu iitwayo aflatoksini. Anayenunua mahindi pamoja na maharagwe ahakikishe unyevu wa mahindi hauzidi asilimia 13.5, na joto letu la Pwani lisimpe uvivu. Magunia ya tabaka tatu yasiyopitisha hewa huzuia wadudu bila dawa yoyote. Yawekwe juu ya mbao, mbali na ukuta.

Na chunguni je? Nyama na samaki ni neema, lakini nyumba nyingi haziwezi kuvinunua kila siku. Maharagwe yana protini kiasi cha sehemu moja kwa tano ya uzani wake yakiwa makavu, na yakiliwa pamoja na sima au wali hukamilishana na nafaka katika kuujenga mwili wa mtoto. Soya, ambayo nayo hulimwa Bungoma, ina protini zaidi ya hapo. Ila isitumiwe mbichi, na unga wake utokane na soya iliyokaangwa au kuchemshwa vyema kabla ya kutiwa katika uji. Maharagwe yarowekwe usiku, maji hayo yamwagwe, kisha yachemke kwa nguvu mpaka yaive kabisa ndipo yatiwe tui. Wale mnaopika kwa biashara, mbaazi, maharagwe au bajia za kunde, ninyi ndio wanunuzi wakubwa. Mkiungana watano tu, mwaweza kufunga mkataba kuliko nyumba 20 zilizotawanyika.

Mama aliyetuuliza swali tulimpelekea maelezo haya kabla ya kuyachapisha. Aliyasikiliza yote, kisha akasema atazungumza na wenzake watatu wanaouza mtaa mmoja naye, na kwamba wataanza na magunia mawili. Tunamwombea Mwenyezi Mungu awatie baraka yeye na wenzake, na awatie baraka wale watakaowalimia, awape mvua ya manufaa na awafungulie milango ya riziki ya halali.