Wanaokatazwa chumvi ni wateja, nani awauzie?

WAGONJWA wengi wanaotoka kliniki za presha, moyo na figo hapa nchini hurudi nyumbani na maagizo mawili: wameze dawa bila kukosa na wapunguze chumvi. Kwa agizo la kwanza kuna duka la dawa jirani na hospitali. Kwa agizo la pili mgonjwa huachwa aende sokoni akajitafutie mwenyewe, na huko ni nadra kumpata muuzaji anayeweza kumwambia kipi kimetiwa chumvi na kipi hakikutiwa.

Hao si watu wachache. Utafiti wa kitaifa uliofanyika mwaka 2012 ulionyesha kuwa takriban robo ya Watanzania wenye umri wa miaka 25 hadi 64 walikuwa na shinikizo la juu la damu. Mteja wa namna hii hasubiri sikukuu wala msimu. Anakula kila siku na katazo lake mara nyingi ni la maisha. Kwa mkulima na mfanyabiashara mdogo swali ni moja: kwa nini soko hili limekaa bila wauzaji hadi leo?

Jibu lake halipo shambani. Lipo katikati, kati ya mvunaji na mlaji, mahali ambapo mazao hukaushwa, hukaangwa, huungwa na kufungwa kwenye pakiti.

Mazao yenyewe hayana tatizo

Shirika la Afya Duniani (WHO) linashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku, sawa na kijiko kimoja cha chai. Ndani ya chumvi kinachopandisha presha ni sodiamu, na gramu 5 za chumvi zina takriban miligramu 2,000 za sodiamu. Kwa mujibu wa ripoti ya shirika hilo ya mwaka 2023, wastani wa dunia ni gramu 10.8 kwa siku, yaani zaidi ya mara mbili ya kiwango hicho. Mgonjwa wa moyo au figo anaweza kupangiwa na daktari wake kiwango cha chini zaidi.

Sasa tazama kinachotoka shambani. Katika gramu 100 za mchele, ndizi, viazi mviringo, nyanya, vitunguu, maembe au parachichi, sodiamu ya asili haifiki miligramu 10. Maharage makavu, mihogo, kabichi na mchicha huwa kati ya miligramu 10 na 30. Maziwa yana karibu 45, na samaki wabichi kama sato au nyama ya ng'ombe huwa na kati ya 50 na 70. Yai moja lina karibu 70. Kwa maneno mengine, mtu anaweza kula shibe yake ya siku nzima kutoka shambani, bwawani na zizini asikaribie kikomo chake.

Hali hubadilika chakula kikishapita mikononi mwa msindikaji. Gramu 100 za mkate wa kawaida hubeba zaidi ya gramu 1 ya chumvi. Gramu 50 za karanga za kukaanga kwa chumvi huongeza karibu nusu gramu. Kipande cha gramu 30 cha samaki mkavu wa chumvi, kama hakikulowekwa vya kutosha, kinaweza kuwa na gramu 4 au zaidi. Jumla imeshavuka gramu 5 kabla mpishi hajagusa kopo la chumvi jikoni. Viungo vya mchuzi vya kidonge navyo karibu nusu ya uzito wake huwa ni chumvi. Mgonjwa aliyeacha kunyunyizia chumvi mezani huku akiungia kidonge hicho kwenye sufuria anadhani ametii maagizo, kumbe bado.

Dagaa wa aina mbili, jina moja

Mfano mzuri wa tatizo hili ni dagaa. Dagaa wa Ziwa Victoria na wa Kigoma kwa kawaida huanikwa juani bila kutiwa chumvi. Dagaa wa bahari, hasa wa Zanzibar na mwambao, mara nyingi huchemshwa kwanza katika maji ya chumvi ndipo huanikwa, na sehemu kubwa husafirishwa hadi Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Sokoni wote ni dagaa, tena wakati mwingine wapo kwenye meza moja. Kwa mtu mwenye afya tofauti ni ya ladha tu. Kwa aliyekatazwa chumvi, mmoja ni chakula chake na mwingine si chakula chake.

Hata hivyo, wanaotia chumvi wasilaumiwe haraka. Mzigo unaokwenda Kongo husafiri siku nyingi bila barafu, na chumvi ndiyo inayozuia samaki asioze. Ndivyo ilivyo pia kwa kayabo, yaani sangara wa chumvi anayetoka Kanda ya Ziwa kwenda soko hilohilo, na kwa ng'onda wa Pwani.

Lakini ipo sababu nyingine ambayo haisemwi sana, nayo ni mizani. Katika kilo moja ya samaki mkavu wa chumvi, gramu 100 hadi 200 zinaweza kuwa chumvi tupu. Chukulia mfanyabiashara mwenye kilo 100 za samaki wa namna hiyo, ambamo kilo 15 ni chumvi. Samaki walewale wakikaushwa bila chumvi, mzigo wake unashuka hadi kilo 85. Ili apate fedha ileile, bei ya kilo lazima ipande kwa karibu asilimia 18. Mnunuzi asiyeelezwa ataona bei imepanda, atahamia meza ya jirani.

Hapo ndipo soko linapokwama. Anayeuza samaki tupu anaonekana ghali, na anayeuza samaki pamoja na chumvi anaonekana nafuu, ingawa kiasi cha samaki ambacho mteja anapata kwa fedha yake ni kilekile. Muuzaji wa dagaa wasio na chumvi anatakiwa aseme waziwazi kwamba kilo yake ni dagaa watupu. Akinyamaza, bei yake itamsemea vibaya.

Magadi nayo yamo

Jambo jingine linalowaponyoka wengi ni magadi. Mama lishe na kaya nyingi huyatia kwenye maharage, makande au mlenda ili viive upesi au vilainike. Magadi hayana ladha ya chumvi, lakini ni sodiamu. Bikaboneti ya soda inayouzwa madukani kwa ajili ya kuoka ni ndugu yake, na kijiko kimoja cha chai kina takriban miligramu 1,200 za sodiamu, zaidi ya nusu ya kikomo cha siku. Bekingi poda inayotiwa kwenye keki na baadhi ya maandazi nayo ina bikaboneti hiyo. Hamira haina tatizo hilo.

Kwa hiyo mwenye mgahawa anayetaka kumhudumia mteja huyu inabidi aloweke maharage yake usiku kucha badala ya kutegemea magadi. Gharama yake ni muda na mipango zaidi kuliko fedha.

Wapi pa kuanzia

Msindikaji mdogo anayefikiria soko hili anashauriwa kwanza kutofautisha kazi za chumvi. Kuna bidhaa ambazo chumvi imetiwa kwa ajili ya ladha peke yake. Karanga za kukaanga, siagi ya karanga, krispi za ndizi na za mihogo, na viungo vya pilau vilivyosagwa viko kwenye kundi hili. Bidhaa hizi hukaa kwa sababu ni kavu au zina maji kidogo sana, hivyo chumvi ikiondolewa haziozi mapema. Mwenye kukaanga krispi pakiti 100 kwa siku anaweza kutenga pakiti 10 kabla ya kunyunyizia chumvi, akaziuza kwa bei ileile na kuona zinavyokwenda. Zikibaki hasara yake ni ndogo.

Kundi la pili ni la bidhaa ambazo chumvi ndiyo mlinzi wake: samaki wakavu, achari, soseji na jibini. Hapa haifai kuipunguza kwa kukisia. Achari iliyopunguzwa chumvi bila kuhakikisha uchachu wake inaweza kumdhuru mlaji. Samaki asiyetiwa chumvi anahitaji kukaushwa juu ya chanja, mbali na mchanga na vumbi, hadi akauke kabisa, kisha afungwe asipate unyevu. Akibaki na maji ataota ukungu na mzigo wote utatupwa. Asiye na chanja nzuri wala mahali pakavu pa kuhifadhia asikimbilie kundi hili.

Mikate iko katikati. Chumvi husaidia kinyunga na kuizuia hamira isiumue kupita kiasi, kwa hiyo mwokaji hawezi kuiondoa yote kwa siku moja. Anaweza kuipunguza kidogo kidogo. Nchini Uingereza, wastani wa chumvi katika mikate ya kufungwa ulishuka kutoka gramu 1.23 kwa kila gramu 100 mwaka 2001 hadi gramu 0.98 mwaka 2011, kwa hatua ambazo ulimi huzizoea. Afrika Kusini ilitumia sheria: kanuni za mwaka 2013 ziliweka kikomo cha miligramu 400 za sodiamu kwa gramu 100 za mkate kuanzia Juni 2016, kisha 380 kuanzia Juni 2019. Faida ya kanuni ya namna hiyo ni kwamba waokaji wote hushuka pamoja, na hakuna anayepoteza wateja kwa kuwa wa kwanza.

Neno kwenye pakiti

Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Kwa chakula hiki msemo huo hautoshi, maana chumvi haionekani kwa macho. Mteja ananunua neno la muuzaji, na akidanganywa mara moja anaweza kuishia wodini.

Kanuni za kimataifa za chakula, Codex, zinatofautisha maneno ambayo wauzaji wengi huyachanganya. "Sodiamu kidogo" maana yake bidhaa haizidi miligramu 120 za sodiamu kwa gramu 100, na "sodiamu kidogo sana" haizidi miligramu 40. Maneno hayo yanahitaji kipimo cha maabara. "Haikuongezwa chumvi" ni ahadi ya namna bidhaa ilivyotengenezwa: hakuna chumvi iliyotiwa, wala kitu kingine chenye sodiamu kama bikaboneti, wala kiungo kilichokwishatiwa chumvi kama sosi ya soya. Kwa mjasiriamali anayeanza, ahadi hii ya pili ni nafuu zaidi kuitimiza, mradi awe mkweli.

Tangu mwaka 2019 usimamizi wa usalama wa chakula uko chini ya Shirika la Viwango Tanzania (TBS), baada ya kuhamishwa kutoka iliyokuwa TFDA. Wajasiriamali wadogo wanaweza kuanzia SIDO kwa ushauri na utambulisho. Kipimo kimoja cha sodiamu kinaweza kuwa mzigo kwa mtu mmoja, lakini kikundi kinachotumia mapishi na vifaa vya aina moja kinaweza kugawana gharama hiyo.

Lebo isiseme bidhaa ni dawa ya presha, kwa sababu si dawa. Tahadhari hiyo inahusu pia chumvi mbadala, ambamo sehemu ya sodiamu imebadilishwa kwa potasiamu. Utafiti uliofanyika katika vijiji 600 vya China na kutangazwa mwaka 2021 ulionyesha kuwa waliotumia chumvi hiyo walipata kiharusi kwa kiwango kilichopungua kwa asilimia 14, na Januari 2025 WHO ilitoa mwongozo unaounga mkono matumizi yake majumbani kwa watu wazima. Lakini mwongozo huo hauwahusu wajawazito, watoto wala wenye ugonjwa wa figo. Kwa mgonjwa wa figo potasiamu ikizidi inaweza kuua, hivyo muuza duka asimshauri mteja bila daktari.

Nafasi ya mwenye viungo

Anayeacha chumvi hulalamikia ladha kabla ya jambo jingine lolote. Wengi huvumilia wiki mbili tatu, kisha hurudia mazoea. Kinachoweza kuwashikilia ni ukali na uchachu: ndimu, ukwaju, tangawizi, kitunguu saumu, pilipili, bizari na giligilani. Tangawizi ya Same, kitunguu saumu cha Mbulu, viungo vya Muheza na vya Zanzibar tayari vina majina sokoni. Kinachokosekana ni mchanganyiko uliosagwa, wa pakiti ndogo ya bei ya kila siku, usiotiwa chembe ya chumvi. Chumvi ni rahisi kuliko viungo, hivyo kishawishi cha kuijazia pakiti hakikosekani. Atakayekishinda ndiye atakayeaminiwa.

Mteja huyu asichukuliwe kuwa tajiri. Fedha yake nyingine imeshakwenda kwenye dawa na nauli ya kliniki. Bidhaa ikipandishwa bei kwa kisingizio cha afya ataiacha na kurudi kwenye samaki wa chumvi. Faida ya muuzaji itatokana na kumwona mteja yuleyule kila wiki kwa miaka.

Hatua ya kwanza haihitaji mtaji. Mwenye meza ya dagaa atenganishe mafungu mawili, la chumvi na lisilo na chumvi, aandike kwenye karatasi, na amuulize aliyemletea mzigo ulikaushwaje. Anayetoka kliniki leo akifika sokoni atakuwa na meza ya kwendea.