Anayejuana na Wakubwa

Podikasti ya Hollywood Handbook ilianza Marekani mwaka 2013, na ukiisikiliza mara ya kwanza unaweza kuizima kwa hasira. Sean Clements na Hayes Davenport wanajifanya vigogo wa filamu: kila sentensi ina jina la mtu maarufu, kila ushauri ni majivuno. Mgeni akija kueleza kazi yake, wao hujieleza wenyewe. Yote ni dhihaka. Wote wawili wamefanya kazi ya kuandika vichekesho vya televisheni, kwa hiyo wanaochekwa ni watu wa nyumba yao, wao wakiwa wa kwanza.

Hapo ndipo tunapoitetea, ingawa baadhi yetu huona utani wao unarefushwa mno. Vichekesho vingi tunavyotumiana kwenye simu humcheka mshamba, mlemavu, au anayekosea Kiingereza. Hawa humcheka anayejikweza.

Tulicheka sana, mpaka siku moja mezani mwenzetu alipoanza: "Juzi nilipokuwa na Baba Askofu..." Tukatazamana. Kila mmoja wetu anayo sentensi ya namna hiyo. Wengine ni ya Gombera, wengine ya monsinyori wa Roma tuliyepiga naye picha mara moja tu.